Namna ya kulinganisha Land Rover Series III na Land Cruiser FJ40

Anayetaka kulinganisha magari haya mawili ya zamani, ambayo bado yana wapenzi wake Kigoma, ahakikishe kwanza kwamba analinganisha yanayolingana. Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ilitoka fupi ya inchi 88 na ndefu ya inchi 109 kati ya ekseli mbili. Inayofaa kupimwa na FJ40 ni ile fupi. Soma namba kwenye injini yenyewe, kisha uitazame kadi ya gari, kwa kuwa magari mengi ya umri huu yamekwisha kubadilishwa injini, na vipimo vya kitabuni havisemi lolote kuhusu injini iliyopachikwa baadaye.

Injini ya petroli ya Series III fupi ina silinda 4, ujazo wa sisi 2,286 na nguvu za farasi takribani 70. FJ40 yenye injini ya 2F, iliyoanza kufungwa 1975, ina silinda 6, sisi 4,230 na nguvu zinazotajwa kuwa 135. Hapa ndipo ulinganisho mwingi unapoharibika, kwa sababu hiyo 135 ilipatikana kwa kuipima injini ikiwa nje ya gari, bila baadhi ya vifaa vinavyoila nguvu. Toyota bado inaongoza, tena kwa mbali, ila si kwa kiasi ambacho namba hizo zinaonyesha. Kwa mlima wa kutoka Mwandiga kwenda Kasulu, gari likiwa na mzigo, mimi ningetazama zaidi nguvu ya kuvuta katika mizunguko ya chini, na hapo injini zote mbili ni hodari.

Jaribio la barabarani lifanyike siku moja, kwa njia ileile, mzigo uleule na dereva yuleyule, baada ya kusawazisha upepo wa matairi. Usichukue matokeo ya Tabora ukayaweka kando ya yale ya Ujiji: Tabora iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kabureta huwa na nguvu pungufu huko kuliko Ujiji, ambako ni chini zaidi, kwa uhaba wa hewa. Jaza tenki hadi shingoni, endesha, kisha ujaze tena kwenye pampu ileile na ugawe lita kwa kilomita. Kilomita zipimwe kwa simu, kwa maana matairi yasiyo ya saizi ya kiwandani huidanganya dashibodi.

Bodi ya Land Rover kwa sehemu kubwa ni ya alumini, lakini chesisi yake ni ya chuma, nayo huoza kutoka ndani bila kuonekana. Lala chini ya gari na ugonge kwa nyundo ndogo upande wa nyuma, hasa pale tope linapoganda. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu na kumwaga unga wa kutu. Kwa FJ40, ambayo bodi nayo ni ya chuma, inua mazulia na ukague sakafu na pembe za nyuma kabla hujaafikiana bei.