Somo: Hela hakuna na stresi imekukaba? Tumia mazoezi hivi, hatua kwa hatua

Wakuu habari zenu. Nimeona nilete hili somo maana wengi tunaumia kimya kimya, biashara imelala, kazi hakuna, madeni yako shingoni, ukiulizwa unaendeleaje unasema poa tu wakati usiku hujalala. Mimi nilipunguzwa kazi nikakaa ndani miezi minne, nalala chali naangalia dari nahesabu nani namdai nani ananidai. Hela ilikuja kurudi baadaye sana, kitu cha kwanza kilichonishika mkono ni kutembea kwa miguu.

Kwanza uelewe mwili unafanya nini. Simu inaita, unaona jina la anayekudai, moyo unaanza kwenda mbio, mabega yanapanda, tumbo linajikaza. Hapo mwili umeshamwaga adrenalini na kotisoli (homoni za stresi), sukari imeongezeka kwenye damu, misuli imejiandaa kukimbia au kupigana. Sasa wewe umekaa tu kwenye kiti umeshika simu! Maandalizi yote yale hayana pa kwenda, na ikiwa hivyo kila siku ndo unaona shingo imekaza, kichwa kinauma, usingizi unakata saa nane za usiku. Mazoezi ni kuupa mwili ile mbio uliyojiandaa nayo.

HATUA YA 1: Jua saa yako mbaya. Kila mtu anayo, yangu ilikuwa asubuhi, kabla hata sijafungua meseji. Hiyo ndo saa ya kutoka. Usiku nilikuwa naweka viatu mlangoni na simu naifungia kabatini, nikiamka nakutana na viatu kwanza.

HATUA YA 2: Tembea haraka dakika 10. Jimu huhitaji. Kipimo ni kwamba uweze kuongea lakini kuimba ushindwe. Wiki inayofuata fanya 15, ongeza kidogo kidogo hadi ufike 30 siku tano za wiki, hapo utakuwa umefika dakika 150, ndo kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa mtu mzima (wanasema 150 hadi 300). Ukishindwa kufika usijihukumu, kidogo ni bora kuliko kukaa.

HATUA YA 3: Siku mbili kwa wiki weka mazoezi ya nguvu. Pushapu, kama za chini ni ngumu fanya za ukutani, kuchuchumaa na kusimama, kupanda ngazi. Basi.

HATUA YA 4: Hii wengi wanairuka na mimi naona ndo yenyewe. Ukirudi usikimbilie simu. Kaa, pandisha mabega mpaka karibu na masikio, yakaze, hesabu tano, halafu yaachie yaanguke. Fanya hivyo na ngumi, na uso, na miguu. Kisha vuta pumzi kwa hesabu ya nne na uitoe taratibu kwa hesabu ya sita, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta maana hapo ndo mapigo ya moyo yanashuka. Siku ya kwanza kufanya hivi niligundua nilikuwa nimeuma meno, na nadhani nilikuwa nayauma hivyo kwa wiki nyingi bila kujua.

HATUA YA 5: Sasa chukua daftari la madeni, kichwa kikiwa bado kimetulia, fanya jambo moja tu. Mimi nilimpigia mwenye nyumba kabla yeye hajanipigia, nikamwambia nina nusu ya kodi na nyingine naomba mwezi. Jana yake nisingeweza, sauti ingetetemeka.

MASWALI

Swali: Mkuu mimi nabeba mizigo kutwa nzima, bado nifanye mazoezi tena?
Jibu: Hapana kaka, usijiongezee uchovu. Wewe chukua hatua ya 4, na kama miguu inaruhusu tembea dakika 10 polepole bila mzigo wowote na bila mtu wa kukuharakisha.

Swali: Kuna siku nakula mlo mmoja tu. Je itakuwaje?
Jibu: Usikimbie wala usiruke kamba. Tembea taratibu, iwe baada ya huo mlo, na maji unywe. Ukisikia kizunguzungu kaa chini hapo hapo.

Swali: Mimi nina watoto, nafasi napata usiku tu wakishalala.
Jibu: Usiku sawa dada, tembea hapo hapo chumbani, nyoosha viungo. Yale ya kuhema sana yaishe angalau saa moja kabla ya kulala, la sivyo usingizi utachelewa.

Swali: Nina presha na sukari, naruhusiwa?
Jibu: Kwa kawaida kutembea kunasaidia zote mbili ila ongea na daktari wako kwanza, hasa kama unatumia insulini maana sukari inaweza kushuka ghafla. Kifua kikibana simama na uende hospitali.

Swali: Nimefanya wiki tatu sioni kitu. Naamka sioni hata sababu ya kuishi.
Jibu: Ndugu yangu asante kwa kusema. Hili ni kubwa kuliko mazoezi, na linatibika. Leo hii, sio kesho, mwambie mtu mmoja unayemwamini maneno hayo hayo uliyoandika hapa, na muende pamoja hospitali. Usikae peke yako usiku huu. Una nani karibu?

Swali: Nimempigia dada yangu. Anakuja.
Jibu: Vizuri sana. Akifika tu muende hospitali leo hii, na usiku huu mkae wote. Mimi nipo hapa, niandikie mkirudi.