Mtoto asiyetulia: pima kabla hujakata

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Si daktari wala mwalimu. Ila nimelea mtoto ambaye wenzake shuleni walimpachika jina la Pangaboi kwa sababu hasimami kuzunguka, na haipiti wiki bila mama fulani kukaa kwenye benchi langu, akisubiri nguo yake, akaniuliza nilifanyaje. Nimechoka kurudia, basi nayaandika.

Januari ile alipokuwa anaingia darasa la pili nilimpima sare. Kaptula na shati za mtoto hupimwa kwa dakika mbili. Yeye alinichukua robo saa: nikipata kifua, ameshadaka mkasi, nikirudi kiunoni, yuko mlangoni anaita bodaboda. Mteja mmoja akasema, "Huyo kinachomfaa ni kichapo." Kichapo alikuwa ameshapata. Mwiko wangu wa ugali ulivunjikia mgongoni mwake Novemba iliyotangulia, na ninaona haya kuliandika. Kilichobadilika nyumbani baada ya hapo ni mwiko tu, nilinunua mwingine.

Anza na daftari

Hakuna fundi anayekata kitambaa cha watu kwa kukisia. Kwa mtoto pia, anza kwa kuandika. Mimi nilitumia kurasa za nyuma za daftari la vipimo vya wateja. Kwa wiki mbili andika kila siku: alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, alikula nini kabla ya shule, kazi gani aliimaliza, ipi ilimshinda, na wewe ulikuwa umekaa wapi ulipomwita. Usiandike "leo alikuwa mtundu." Hilo halimsaidii mtu. Andika "saa 11 jioni, hesabu sita, alimaliza mbili, aliinuka mara nne."

Siku ya tisa niliyasoma yote kwa pamoja nikashtuka. Kila nilipoandika "nimemwita, hakuitika," nilikuwa nimekaa upande wake wa kushoto. Nikasimama nyuma yake, nikanong'ona upande wa kulia: "Andazi." Akageuka hapo hapo. Nikahamia kushoto, nikanong'ona andazi mara tatu. Akaendelea kuchora gari lake.

Hospitali ya mkoa, kliniki ya masikio, pua na koo, walikuta sikio la kushoto limejaa majimaji nyuma ya ngoma. Si usaha, hayaumi, hayatoki nje, kwa hiyo hakuna aliyejua. Tukaambiwa mara nyingi hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu, turudi tena. Wakamwangalia na koo, wakaniuliza kama anakoroma. Nikajibu ndiyo, tena sana, nikidhani nawasifia usingizi wake. Kumbe mtoto anayekoroma kila usiku huku amelala kinywa wazi, huenda usingizi wake unakatikakatika usiku kucha bila yeye kuamka. Na hapa ndipo wengi tunapodanganyika: mtu mzima aliyekosa usingizi husinzia, mtoto aliyekosa usingizi hurukaruka. Wangu alikuwa na nyama za pua, zile zinazoota nyuma ya pua na kuziba hewa. Miezi mitatu ilipopita na majimaji hayajakauka, waliziondoa.

Wako huenda masikio yake ni mazima kabisa, lakini kuna mengine ya kuomba yaangaliwe kabla hujampa jina. Macho: asiyeona ubao atacheza tu, afanye nini? Damu na minyoo: upungufu wa madini ya chuma humfanya mtoto asiweze kushika jambo, na ile chai ya rangi tunayowapa pamoja na chakula inazuia mwili kuyapokea hayo madini, basi chai isogezwe mbali na mlo. Selimundu pia, maana inaweza kuziba mishipa midogo ya ubongo bila mtoto kuonyesha dalili ya kupooza. Kama aliwahi kuugua malaria ikampanda kichwani, mwambie daktari hata kama ni miaka mingi. Utafiti uliofanywa Uganda ulikuta mtoto mmoja kati ya wanne waliopona ugonjwa huo alibaki na shida ya kufikiri, umakini ukiwemo, hata baada ya miaka miwili. Na yule anayeduwaa ghafla kwa sekunde kadhaa, macho yameganda, ukimwita hakusikii, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kitu, huyo huenda ana kifafa cha kuduwaa. Kinatibika, na si uzembe.

Kuna risasi pia, ile ya kwenye betri na rangi za zamani. Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliijua kwa uchungu: mtambo wa kuyeyusha betri chakavu ulitia sumu mtaa mzima, na Phyllis Omido aliyewapigania akapewa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Sumu hiyo humpunguzia mtoto akili na utulivu, na ikishafanya kazi yake hairudi nyuma. Kama jirani yako anafungua betri uani, mtoto asicheze pale.

Mwisho, jiulize nyumbani kumetokea nini. Mtoto aliyefiwa, au anayesikia baba na mama wanagombana nyuma ya ukuta kila usiku, hawezi kuikumbuka hesabu ya saba mara nane. Dawa yake haiko kliniki.

Nusu iliyobaki

Baada ya kuondolewa nyama za pua mtoto alisikia, akalala kimya, akanenepa. Nikatangaza ushindi mtaa mzima. Mwezi wa nane mwalimu akaniita tena.

Safari hii daktari wa watoto aliniuliza maswali ambayo ningeombea kila mzazi aulizwe. Dalili zilianza kabla hajafika miaka 12? Zimedumu miezi sita au zaidi? Zipo sehemu moja tu, au zaidi ya moja? Kama ni shuleni peke yake, chunguza shule. Kama ni nyumbani peke yake, chunguza nyumba. Nikajibu: nyumbani, shuleni, madrasa, na kwenye arusi ya dada yangu alipopindua sinia la biriani. Ndipo akalitaja lile jambo wanaloliita kwa herufi nne, ADHD, yaani shida ya umakini na kutotulia. Duniani hukadiriwa kuwa mtoto mmoja katika kila 20 analo. Wapo wa kurukaruka, wapo wa kusahau na kupotea mawazoni, na wapo wa vyote. Mabinti wengi ni wa aina ya pili: amekaa kimya, anatazama dirisha, hamsumbui mtu, na hakuna anayemjali hadi matokeo yatoke.

Chanzo kikubwa ni nasaba. Daktari alipouliza kuhusu ukoo, mume wangu alianza kucheka peke yake. Mwaka ule tu alikuwa ameshapoteza simu mbili. Kuzaliwa njiti au na uzito mdogo huongeza uwezekano, na vivyo hivyo sigara na pombe wakati wa ujauzito. Mama kufanya kazi siku nzima hakumo. Sukari pia haimo, japo mimi niliiondoa kwenye chai mwezi mzima. Nyumba nzima ilinuna na Pangaboi hakubadilika hata kidogo. Mama mkwe alisema ni zongo. Tulimsomea, dua haijapata kumdhuru mtu, lakini kisomo na kliniki havigombani, na kuchanjwa chale nilikataa.

Daktari akasema tuanze bila vidonge, kwa kubadilisha namna tunavyoishi naye. Haya ndiyo yaliyotufaa.

Namna ya kumtuma. Zamani nilikuwa napiga kelele kutoka kwenye cherehani: "Kaoge, uvae, chukua daftari, halafu mwambie dada yako alete mkaa!" Yeye alishika mkaa tu. Sasa nainuka. Namsogelea, namgusa bega, nangoja macho yake yanifikie, natoa agizo moja: "Leta uzi mweusi." Kisha anirudishie mwenyewe: "Uzi mweusi." Akileta ndipo napata haki ya kumtuma la pili. Kuinuka kunachosha, sitadanganya. Lakini nikiweka hesabu ya muda niliopoteza kwa kupiga kelele, naona nafuu.

Kazi za shule. Anafanyia kwenye meza yangu, amegeukia ukuta, si barabara. Kwanza namtuma maji, ndoo ndogo mbili, au akimbie hadi mwembeni na kurudi mara tano, maana mwili uliochoka kidogo hukaa vizuri zaidi. Kisha nachukua kipande cha kitambaa nafunika ukurasa, zibaki hesabu mbili tu zinazoonekana. Mimi nashona kola moja, yeye anafanya hizo mbili. Kola yangu ni kama dakika nane. Tukimaliza sote tunasimama, tunajinyoosha, nasogeza kitambaa. Siku ya kwanza alifanya hesabu nne. Nilitaka kuzaa kwa furaha.

Chupa ya vifungo. Nilianza vibaya. Nilimwahidi baiskeli mwisho wa mwaka, na mwisho wa mwaka kwa mtoto wa namna hii ni sawa na Kiyama: anaamini upo, lakini haumsumbui. Zawadi iwe ndogo, na iwe leo. Nina vifungo vya kila rangi, kwa hiyo hela haikutoka. Hesabu mbili, kifungo kimoja. Kupiga mswaki bila kusukumwa, kimoja. Vifungo vitano, anachagua mboga ya kesho. Kumi, Jumapili tunakwenda Raskazone kuogelea, na anaweza kuvitumia siku ile ile akitaka kidogo.

Jioni moja alimsukuma mdogo wake, nami kwa hasira nikamnyang'anya vifungo vyote saba. Akairusha chupa nje. Niliokota vifungo kwenye mchanga hadi adhana ya magharibi, na wiki mbili hakutaka tena kusikia habari ya chupa. Tangu hapo alichokichuma ni chake. Akikosea, anakosa nafasi ya kuchuma kingine, au anakaa pembeni dakika chache, basi.

Na kumsifu kuwe na jina la kitu. "Mtoto mzuri" ni upepo. "Umeningoja nimalize kuongea na mteja" anakielewa, na kesho atakijaribu tena.

Kuongea na mwalimu. Usiende umefura. Nilikwenda saa ya kutoka, nikaamkia, nikasema, "Mwalimu, sikuja kulalamika. Naomba vitu vitatu visivyo na gharama."

"Mama Pangaboi," akanijibu, "nina watoto 81."

"Najua, Mwalimu. Ndiyo maana ni vitatu tu."

Cha kwanza, akae mbele, mbali na mlango. Cha pili, akianza kutapatapa atumwe: afute ubao, agawe madaftari. Cha tatu, kadi niliyomkatia kutoka kwenye boksi la shati, yenye mistari miwili: amemaliza kazi ya asubuhi, amenyoosha mkono kabla ya kusema. Mwalimu aweke alama ya vyema tu, na kila alama nyumbani ni kifungo. Wiki ya kwanza kadi ilirudi tupu siku tatu. Sikusema neno. Siku ya nne zipu ya sketi yake iliharibika nikamtengenezea bure, na sitajifanya kwamba haikusaidia. Kuhusu viboko nilimwambia ukweli wangu: mimi nimevunja mwiko na hakikubadilika kitu. Mtoto huyu sheria anazijua zote, atakutajia moja moja. Kinachomshinda ni kukumbuka dakika ile ile anapotaka kuinuka, na fimbo huja wakati dakika hiyo imeshapita.

Usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Wetu analala saa 2 usiku, anaamka saa 12 asubuhi. Simu yangu inaingia kwenye droo ya cherehani saa 1 na haitoki. Hili lilikuwa gumu kwangu kuliko kwake.

Hela nilizozitupa: sharubati ya "kuongeza akili" niliyouziwa kwenye kundi la WhatsApp, na kopo la mafuta ya samaki, samaki wenyewe wamejaa Deep Sea asubuhi kwa bei ya kawaida. Faida ya yale mafuta, watafiti wakiipata, huwa ndogo mno.

Vidonge vipo na vinawasaidia watoto wengi, nami siwasemi vibaya wazazi walioandikiwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita, utaratibu ni kuanza na mafunzo ya wazazi. Kwa mkubwa ambaye umefanya yote haya miezi kadhaa na bado anazama, rudi kwa daktari mzungumze upya. Ila usingoje hata wiki kama mtoto anapoteza alichokuwa anakijua tayari, anaanguka au kupata degedege, au anasema anataka kujiumiza. Huyo apelekwe siku hiyo hiyo.

Januari hii nimempima sare ya darasa la nne. Nilimwambia, "Vipimo vinne, vifungo viwili." Kifua akasimama. Bega akasimama. Kiuno akasimama, akahema. Kabla sijashusha futi kwenye mguu, bodaboda ikapiga honi, naye akatoka mbio. Urefu nilikadiria kwa macho, nikaacha upindo mpana.