Kusoma rada ya mvua kwenye simu kabla ya kuruka Luano

Somo hili ni la marubani wa ndege ndogo wanaotoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kwenda Kolwezi, Kalemie, Moba, Pweto na viwanja vya vumbi vya huko katikati. Siku hizi kila mmoja ana simu yenye programu mbili tatu za meteo, yaani hali ya hewa. Asubuhi ya Januari utawakuta vijana chini ya bawa, vichwa vimeinamia rangi za kijani, njano na nyekundu. Ni jambo jema. Linaokoa mafuta, na linaokoa watu. Ila rangi zile zinataka kusomwa kwa akili, maana programu nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya nchi zenye rada kila upande, na anga letu la Katanga haliko hivyo.

Kwanza: jua unachokitazama ni nini

Marekani wana mtandao wa rada za mvua unaoitwa NEXRAD, wenye vituo karibu 160. Rubani wa kule akifungua simu anaona mwangwi wa matone yenyewe. Sisi hatuna mtandao wa namna hiyo. Ukiona mvua imechorwa juu ya uwanda wa Kundelungu, karibu kila mara ni moja ya mambo mawili: makadirio yaliyokokotolewa kutoka picha za setelaiti, au utabiri wa kompyuta uliopakwa rangi zilezile za rada.

Kwa hiyo, kabla ya yote, fungua menyu ya matabaka usome jina la tabaka ulilonalo. Kwenye programu ya Windy tabaka la setelaiti liko peke yake. Anza na hilo. Kwenye programu inayoonyesha rada peke yake, Katanga ikitokea nyeupe kabisa, usiseme anga ni safi. Weupe ule unaweza kumaanisha kwamba hakuna mvua, na unaweza kumaanisha kwamba hakuna rada inayofika huku. Simu haitakutofautishia.

Pili: soma saa ya picha

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopitia mbio.

Pembeni mwa picha kuna saa, mara nyingi kwa herufi ndogo. Iangalie kabla ya kuangalia rangi yoyote. Je, ni UTC, yaani saa ya kimataifa, au ni ya hapa? 12:00 UTC kwa Lubumbashi ni 14:00. Simu iliyopangwa kwa saa ya Kinshasa itakuonyesha 13:00, na tayari umepotea saa nzima. Angalia pia kama mchoro umevuka mstari wa "sasa". Programu nyingi zinaunganisha picha zilizopita na utabiri katika mkanda mmoja, na kidole kikiteleza kidogo unakuwa unatazama mvua ambayo bado haijanyesha.

Halafu piga hesabu. Meteosat, setelaiti za Ulaya za hali ya hewa, zile za kizazi cha pili hupiga picha ya upande wetu wa dunia kila dakika 15. Meteosat-12, ya kizazi cha tatu, kila dakika 10. Ongeza muda wa kuichakata, kuituma na kuipakua kwa mtandao wetu. Picha yenye dakika 25 ni kitu cha kawaida. Cessna 206 ikienda kilomita 240 kwa saa, kila dakika inakula kilomita 4. Katika dakika hizo 25 umeshasafiri kilomita 100, karibu sawa na kutoka Lubumbashi hadi Likasi. Na wingu nalo halikukusubiri: lile la mchana wa Januari, lililokuwa jeupe na dogo, linaweza kukomaa na kuanza kupiga radi ndani ya dakika 20.

Hata wenye rada halisi wanaumizwa na jambo hili. Juni 2012, NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, iliwaonya marubani kwamba umri wa kweli wa data katika picha ya NEXRAD unaweza kuzidi ule ulioandikwa kwenye skrini kwa dakika 15 hadi 20. Sababu ni kwamba dakika zinazoandikwa huanza kuhesabiwa pale mchoro ulipounganishwa, wakati rada zenyewe zilipima mapema zaidi. Onyo hilo lilitoka baada ya ajali zilizoua watu.

Tatu: fuata baridi ya vichwa vya mawingu

Picha ya infraredi inapima joto la juu ya wingu. Wingu la radi la huku kwetu linaweza kupanda hadi kilomita 15, na kichwa chake huwa baridi kupita nyuzi 60 chini ya sifuri. Tafuta madoa ya baridi kali, kisha uchezeshe picha za saa mbili zilizopita. Doa linapanuka? Yanazaliwa mengine upande gani? Mwendo huo unakufundisha zaidi kuliko picha moja, hata iwe nzuri vipi.

Nne: uliza walio chini ya wingu

Soma METAR, yaani taarifa ya hali ya hewa ya uwanja, ya FZQA (Luano) na ya FZQM (Kolwezi) kama ziko, na uongee na watu wa meteo pale Luano. Kwa viwanja vya porini, piga foni, yaani redio ya mawasiliano, misheni au mpigie simu mtunza uwanja. Usimuulize kama hali ya hewa ni nzuri. Atakujibu "ni nzuri" kwa heshima. Muulize anaona kilima gani na kipi kimefichika, upepo unainamisha majani upande gani, na kama ardhi ya uwanja inashika kiatu. Majibu hayo hakuna setelaiti itakayokupa.

Tano: amua ungali chini

Chagua mahali utakapogeukia, uwanja wa pili, na mafuta ya kufika huko na ziada. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inashauri kukaa mbali na dhoruba kali angalau maili 20, yaani kama kilomita 37. Ukiona madoa mawili yenye mwanya mwembamba kati yake, hesabu kwamba hakuna mwanya.

Ukiwa hewani

Weka simu katika hali ya ndege. GPS itaendelea kufanya kazi. Usiiache juu ya dashibodi kwenye jua. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike kati ya nyuzi 0 na 35, na nyuma ya kioo cha mbele joto hilo linapitwa upesi, skrini inazimika. Kuanzia hapo dira, ramani na macho yako ndivyo vinavyoongoza.

Maswali ya wanachama

*Mwanafunzi wa urubani, Lubumbashi: Muzee, nikipata mtandao juu ya Likasi, niangalie picha mpya?*

Mdogo wangu, angalia kama mwenzako ndiye ameshika usukani. Picha mpya itumie kwa uamuzi mmoja tu: kukwepa kwa mbali zaidi au kurudi. Usiitumie kutafuta njia ya kupenya katikati. Na usitegemee mtandao wenyewe, kwa sababu antena za minara zimeelekezwa kwa watu walio chini.

*Rubani, Kolwezi: Yaya, juzi doa lilikuwa juu ya uwanja wetu kabisa, hata tone halikuanguka. Kwa nini?*

Yaya, kuna sababu mbili. Kichwa cha wingu hutandaza barafu mbali na mahali mvua inaponyesha, na setelaiti inaona huo mtandazo. Tena Meteosat iliyo kwenye longitudo 0 inatutazama kwa mshazari kutoka magharibi. Wingu la kilomita 15 linaweza kuchorwa karibu kilomita 10 mashariki ya lilipo, programu isiporekebisha. Geuza hesabu hiyo uone hatari yake: uwanja unaoonekana uko wazi kidogo magharibi ya doa huenda ndio unaonyeshewa.

*Mama mwenye kampuni ndogo ya ndege: Nimeshauriwa kununua kile kipokezi wanachotumia Wamarekani kupata rada bure kwenye tableti. Kinafaa?*

Mama, kwa meteo usitoe pesa yako. Kipokezi kile hupokea matangazo ya vituo vya ardhini vya Marekani kwenye megahezi 978. Huku hakuna kituo kinachotangaza, kwa hiyo hakitakuonyesha mvua yoyote. Pesa hiyo iweke kwenye kifaa cha kugundua radi ndani ya ndege, na ukiweza, rada ya puani mwa ndege pamoja na mafunzo ya kuitumia.

*Rubani aliyejifunzia Goma: Na kule kwenye milima ya Kivu?*

Kule wingu na mlima vinakaa pamoja. Nyiragongo ina mita 3,470, Kahuzi mita 3,308, na simu haikuambii wingu limekaa chini ya kilele au juu yake. Kama huoni mlima kwa macho na huruki kwa vyombo, usiende.

*Mwanafunzi mwingine: Agosti hakuna mvua. Niache programu hizi?*

Agosti tatizo ni moshi wa mioto ya porini. Rada ya mvua haiuoni, na skrini itabaki safi wakati wewe huoni hata mwisho wa njia ya kurukia. Fungua picha ya setelaiti ya mwanga wa mchana asubuhi, tafuta utando wa kijivu, kisha mpigie simu mtunza uwanja umuulize kilima chake cha mbali kinaonekana.