Kupima uamsho wa monosaiti kwa damu nzima, pamoja na breki zake

Kipimo hiki kinajibu maswali mawili: monosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) za mtu zinaamka kwa nguvu gani zikikutana na bakteria, na zikishaamka zinazuiwaje. Wengi hupima la kwanza tu, wakaandika kwamba kinga ya asili ya mgonjwa ni kali au dhaifu, kumbe tofauti iko kwenye breki. Kwa maabara ya Moshi au Arusha yenye inkubeta, sentrifuji na mashine ya kusomea ELISA (kipimo cha kiasi cha protini), kazi hii inawezekana kabisa.

LPS, yaani kemikali ya utando wa nje wa bakteria kama E. coli, hupokelewa na CD14, protini ya juu ya seli, kisha hukabidhiwa kipokezi TLR4 na mwenzake MD-2. Ndani ya seli, protini IκBα iliyokuwa imeishikilia NF-κB, protini inayowasha jeni, huvunjwa. NF-κB huingia kwenye kiini na kuwasha jeni ya TNF, protini inayochochea kinga. Lakini NF-κB hiyohiyo huwasha pia jeni za IκBα na A20, ambazo huizima. Kinachowasha ndicho kinachotengeneza cha kuzimia. Baadaye kidogo seli hutoa IL-10, protini ya kutuliza kinga, ambayo hurudi kwenye seli hizohizo na, kwa kupitia protini STAT3, hupunguza TNF.

Damu

Ukiwa na kibali cha maadili na ridhaa ya mchangiaji, chukua damu kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, na usibadilishe muda huo hadi utafiti uishe. Kotisoli, homoni ya mwili, huwa juu asubuhi na hushuka jioni, nayo huzuia TNF. Ukichanganya damu za asubuhi na za jioni umepima saa, si mtu. Fanya kipimo cha malaria, uliza kuhusu homa, chanjo za karibuni na dawa kama prednisoloni. Wapagazi na waongozaji waliotoka kushuka Kilimanjaro wapumzike siku kadhaa kwanza, kwa sababu mazoezi makali hubadilisha idadi ya seli nyeupe na mwitikio wake kwa LPS.

Tumia chupa ya heparini ya mililita 4, yenye kifuniko cha kijani. EDTA haifai, kwa kuwa hunasa kalsiamu ambayo seli inaihitaji kupeleka ishara. Ukichukua pia chupa ya EDTA kwa ajili ya kuhesabu seli, heparini itangulie. Damu ikae kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25, isiingie friji wala barafu, na kazi ianze ndani ya saa 2. Moshi ya Januari na Februari hupita joto hilo kirahisi, kwa hiyo isafirishwe kwenye kisanduku kisichopitisha joto, chupa zikiwa zimesimama.

Visima

Andaa sahani mbili za visima 24, moja ya kuvunwa saa 4 baada ya kuweka LPS na nyingine saa 24 baadaye. Ukitumia moja utaisumbua nusu iliyobaki. Katika kila kisima weka mikrolita 700 za RPMI 1640 (kimiminika cha kulishia seli) na mikrolita 100 za damu. Geuza chupa ya damu taratibu kabla ya kila kunyonya, maana seli huzama haraka na kisima cha mwisho kitapata nyingi kuliko cha kwanza.

Ongeza mikrolita 100 za breki (kitu kinachozuia uamsho) iliyokolezwa mara 10, subiri dakika 45 kwenye inkubeta, kisha mikrolita 100 za LPS ya nanogramu 100 kwa mililita, ili kisimani ibaki nanogramu 10. Mahali pasipo na breki au LPS jaza RPMI. Aina ni sita, kila moja visima viwili: damu pekee, polimiksini B (dawa inayoifunga LPS) pekee, LPS, LPS na deksamethasoni (dawa ya jamii ya kotisoli, nanomola 100 kisimani), LPS na IL-10 (nanogramu 10 kwa mililita), LPS na polimiksini B (mikrogramu 10 kwa mililita). Deksamethasoni ikiingia pamoja na LPS hutaona nguvu yake yote, kwa sababu lazima ifike kwenye kiini kwanza.

LPS hung'ang'ania plastiki na hujikusanya vibonge. Itikise kwa vorteksi dakika nzima kila unapoitoa kwenye friza, na kila unapoizimua.

Inkubeta na mwinuko

Hapa maelekezo yaliyoandikwa kwa miji ya pwani hupotosha. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina shinikizo la takriban kilopaskali 86 badala ya 101. Asilimia 5 ya CO2 hapo ni gesi kidogo kuliko asilimia 5 ya Dar es Salaam, hivyo RPMI hugeuka ya waridi iliyokolea, ishara kwamba pH imepanda. Weka asilimia 5.9. Moshi, iliyo chini zaidi, inatosha asilimia 5.5. Kama CO2 hakuna, tumia RPMI yenye HEPES (kemikali ya kushikilia pH) milimola 25 katika mirija iliyofungwa kabisa, kwenye nyuzi 37.

Kuvuna na kusoma

Zungusha kwa g 500, dakika 10. Chukua mikrolita 600 za juu bila kugusa seli, gawa mara tatu, gandisha nyuzi −80, na usiyeyushe mara mbili. TNF isome kwenye sampuli za saa 4, IL-10 kwenye za saa 24. Visima ulivyovitia IL-10 usivipime IL-10: utasoma ile uliyoiweka mwenyewe.

Gawanya matokeo kwa idadi ya monosaiti. Mwenye monosaiti 400 kwa mikrolita ameweka seli 40,000 kisimani, mwenye 800 ameweka 80,000; TNF maradufu hapo haina maana ya kinga kali.

Damu pekee ikitoa TNF

Hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi, na lisipotatuliwa hakuna namba nyingine ya kuaminika. Linganisha na kisima cha polimiksini pekee. Kama TNF imeshuka, kuna endotoksini, yaani LPS iliyoingia kama uchafu, kwenye RPMI, maji, ncha za pipeti au chupa. Otoklevu huua bakteria lakini endotoksini hubaki. Vyombo vya kioo vichomwe kwa joto kavu la nyuzi 250, dakika 30. Kama haikushuka, seli ziliamka kabla: damu ilitikiswa, ilikaa sana, au mchangiaji ana maambukizi. Polimiksini haizuii lipoprotini za bakteria, kwa hiyo uchafu wa aina hiyo utaponyoka.

Ukitaka IL-1β, protini nyingine ya kuchochea kinga, LPS pekee huandaa hasa protini ghafi, ingawa monosaiti za binadamu hutoa kiasi fulani hata hivyo. Ili NLRP3, protini inayoanzisha ukataji wa ile ghafi, iwake kwa nguvu inahitaji ishara ya pili. Baada ya saa 3 za LPS ongeza ATP milimola 5, vuna baada ya dakika 60, na hakikisha pH ya ATP umeirekebisha hadi 7.4 kabla ya kuiweka, kwani bila hivyo ina asidi ya kutosha kuua seli.