Kudumu katika utumishi bila kuiacha njia

Mtumishi kijana wa kanisa anayeanza kazi Mombasa, mimi humshauri hivi: kabla hujanunua vipaza sauti, nenda Nyali ulione kaburi la Rosine Krapf, aliyefariki Julai 1844 pamoja na mtoto wake mchanga, muda mfupi tu baada ya kufika hapa na mumewe, mmisionari Johann Ludwig Krapf. Kisha panda matatu hadi Rabai, ambako mmisionari mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, alifika mwaka 1846, akaondoka 1875 akiwa karibu kipofu, huku waumini aliowaacha wakiwa wachache mno. Anayeipima kazi ya Mungu kwa viti vilivyojaa asingekaa Rabai hata miaka mitatu. Kwa hiyo chukua daftari, uandike sasa, ukiwa bado una moto, ni nini hasa ulichoitiwa na ni akina nani waliouthibitisha wito huo, maana utakuja mwaka ambao utahitaji kuyasoma hayo kwa mwandiko wako mwenyewe.

Jambo la pili ni mapumziko, na hapa wengi hawanisikii. Kinachomchosha mtumishi wa mji huu si mahubiri, bali mfululizo: kesha ya Ijumaa, mazishi ya Jumamosi huko Taita au Kilifi, ibada mbili za Jumapili, na simu za wagonjwa katikati. Miaka yangu ya mwanzo niliona kupumzika ni uvivu, hadi nilipozirai mbele ya watu waliokuwa wakingoja ubatizo. Tangu hapo Jumatatu simu yangu hubaki kwa mzee wa kanisa, nami huvuka feri kwenda Likoni, nikaketi chini ya mvinje ufukweni mpaka jua lipungue. Eliya alipoomba afe, malaika hakumpa hotuba. Alimwachia usingizi, akampa mkate na maji, mara mbili. Chagua siku yako, uitangaze kanisani, na usiione haya.

Kuhusu fedha, usitegemee uaminifu wa moyo wako peke yake. Baada ya ibada wakae mezani watu wawili wasio ndugu, wazinyooshe noti zilizolowa jasho, wazipange sarafu marundo marundo, waandike kiasi kwa kalamu, na wote wawili watie sahihi kabla mchungaji hajagusa chochote. Sadaka ya M-Pesa iingie kwenye namba ya kanisa, kamwe isiingie kwenye simu yako wala ya mama mchungaji. Nimeona ushirika ukivunjika kwa shilingi 12,000 ambazo mpaka leo hakuna ajuaye kama ziliibwa; hazikuandikwa tu, na mzee aliyezishika, mtu niliyempenda sana, hakurudi tena kanisani.

Mpate pia mtu mmoja, ikiwezekana nje ya kanisa lako na mwenye umri kukuzidi, umpe ruhusa ya kukuuliza lolote: unatazama nini usiku, unazungumza na nani faraghani, lini uliomba bila kuandaa mahubiri. Kumbuka kwamba Dema alikuwa mtenda kazi pamoja na Paulo kabla hajamwacha, wala sidhani kwamba moyo wake uligeuka siku moja. Mke wako naye aulizwe, na jibu lake lisikilizwe.

Na ikiwa tayari umekauka, usitoroke kimya kimya wala usiendelee kuhubiri maneno usiyoyaamini tena. Waite wazee wawili au watatu, uwaambie wazi, uombe majuma kadhaa ya kukaa benchi la nyuma kama mshirika wa kawaida, ukila chakula cha neno kilichopikwa na mwingine. Mpe mtumishi mdogo mimbari katika majuma hayo, na utakaporudi usimnyang'anye yote. Mwachie walau Jumapili moja kila mwezi.