Kabla Noah haijapanda Kitonga

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, gereji za Dar es Salaam hujaa magari ya watu wanaokwenda mikoani. Fundi anayeinama kwenye gari lako ana mengine manne yanamsubiri, na huo si wakati wa kumwambia kwamba linachemsha kidogo. Kama una Toyota Noah ya zamani, ile SR40 yenye injini ya 3S chini ya viti vya mbele, na unaelekea Iringa kupitia mlima wa Kitonga, anza kuichunguza wiki tatu kabla, na anza mwenyewe. Fundi ataona rejeta, mipira na feni, lakini kitu kimoja hawezi kukiona gari likiwa limeegeshwa: linachemsha wakati gani.

Temperecha ikipanda kwenye foleni na kushuka mara tu unapopata mwendo, tafuta tatizo kwenye upepo. Feni haizunguki, inazunguka kivivu, au lile kava la plastiki linaloizunguka lilivunjika siku ya ajali na hakuna aliyeona umuhimu wa kulirudisha. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama. Kwenye gari lenye feni ya umeme, feni inatakiwa iitikie. Ikinyamaza, umeshapata pa kuanzia, na mara nyingi ni fyuzi, rilei au mota yake. Gari ambalo halina neno mjini ila linapanda temperecha ukikaza mwendo au ukikuta mlima, lina shida ya mzunguko wa maji: rejeta imeziba ndani, pampu imelika, au mpira wa chini umelainika hadi unajibana injini ikivuma. Na lile linalopanda dakika chache tu baada ya kuwashwa, angalia kwanza kama maji yapo, kisha hewa, kisha thermostati, ile vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata joto, kama imeganda ikiwa imefunga.

Andika unachokiona kwa siku tano, hata nyuma ya risiti ya mafuta. Usitegemee mshale peke yake, maana magari mengi yametengenezwa ili mshale ukae katikati hata joto linapopanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa. Ukianza kupanda, tayari mambo yameshaharibika kiasi. Na maji yakishuka mpaka sensa ikabaki hewani, mshale unaweza kurudi chini wakati injini inaungua.

Asubuhi moja, gari likiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta. Maji yanatakiwa yafike shingoni na yawe na rangi ya kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, iwe kijani au nyekundu. Ukikuta rangi ya kutu, ujue gari limekuwa likinyweshwa maji matupu, na hapa pwani hayo mara nyingi ni ya kisima chenye chumvi. Ukikuta uji wa rangi ya waridi kwenye gari la otomatiki, usiwashe tena: oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta, na hapo ukuta wa katikati umetoboka. Chomoa pia kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia.

Kabla hujafungua mfuniko, binya kwanza mpira wa juu. Mpira ulio mgumu asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, unasema kuna moshi wa silinda uliosukumwa kwenye maji. Ongeza dalili kama maji yanayopungua bila tone chini, au mapovu yasiyokoma shingoni mwa rejeta, na gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi ya juu ya injini na bloki ya chini, ndiyo mshukiwa wa kwanza. Safari ya gari hilo inaishia hapo mpaka litengenezwe. Hedi ya 3S ni alumini na bloki ni chuma cha kalibu; alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, ndiyo maana kuchemsha vibaya mara moja tu kunatosha kuipinda.

Mfuniko wenyewe watu wanaudharau kwa sababu ni spea ya bei ndogo. Umeandikwa 0.9 au 1.1, na hicho ni kiasi cha mgandamizo unaoshikilia. Maji yaliyo chini ya mgandamizo wa 0.9 huchemka karibu na nyuzi 118, siyo 100. Raba yake ikichoka, faida hiyo yote imepotea, na unakoelekea unaihitaji zaidi: mjini Iringa, katika mwinuko wa mita kama 1,500, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Nunua mpya wenye namba ileile ya awali.

Sasa thermostati, na hapa nina ugomvi wangu. Fundi mmoja aliitoa ya kwangu akaitupa. Akaniambia huku kwetu ni joto, kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Mwaka mzima mshale ulikaa chini na nikamsifu. Tulipoanza kupanda Kitonga nyuma ya malori, watu saba ndani na mizigo juu ya keria, ukaanza kusogea, kona baada ya kona, mpaka mama mkwe aliyekaa kiti cha nyuma akauliza hiyo harufu ya sukari inayoungua ni ya nini. Rejeta ilikuwa imeziba zaidi ya nusu. Kutoa thermostati kulificha ugonjwa Dar na kuuachia utokee mlimani. Isitoshe, katika injini nyingi kifaa hicho kikifunguka huziba njia ya mkato. Ukikitoa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Ifunge kwa uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji bila kugusa kitako, weka na kipimajoto. Namba iliyogongwa kwenye bati, kwa mfano 82, ni nyuzi ambazo inatakiwa ianze kufunguka. Ikigoma mpaka maji yanatokota, au ikiwa wazi tangu yakiwa baridi, tupa. Ukiirudisha, kile kipini kidogo kinachochezacheza kielekee juu, ndipo hewa inapotokea.

Hewa hiyo kwenye Noah ina visa vyake, maana mabomba ya maji yana safari ndefu kutoka rejeta ya mbele hadi injini chini ya viti. Baada ya kumwaga maji, egesha gari pua ikiangalia mlimani, weka hita kwenye joto la mwisho, acha injini iungurume bila kukanyaga mafuta huku ukiongeza kulanti taratibu mpaka mapovu yaishe. Uliza pia kama mabomba ya hita bado yapo. Magari mengi ya Dar yameshakatwa na kuunganishwa kienyeji. Usichanganye kulanti za aina mbili, na usiache ndoo uliyomwagia nje: ni tamu na ni sumu, kwa mbwa, kwa mbuzi na kwa mtoto.

Kama mkanda wa taiming haujulikani ulibadilishwa lini, badilisha pamoja na pampu ya maji, kwa kuwa mkanda huohuo ndio unaoizungusha. Mabati ya rejeta yaoshwe kwa maji ya nguvu ndogo kutokea upande wa injini, maana vumbi na mbegu za nyasi hujibana kati yake na rejeta ya kiyoyozi.

Ndani ya gari weka lita kumi za maji safi, mpira wa juu wa akiba na klipu zake, bisibisi, kitambaa kizito, tochi na zile pembetatu. Mlimani zima O/D (gia ya juu kabisa ya otomatiki), zima kiyoyozi, na mshale ukisogea fungua hita hata kama abiria watalalamika. Ukizidi, simama mahali salama, zima injini, na usiguse mfuniko kwa nusu saa au zaidi. Usimwagie injini maji baridi.

Jumamosi moja kabla ya safari, jaza familia garini mpande Pugu mpaka Kisarawe, mrudi kwa njia yenye foleni. Kesho yake asubuhi chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye chupa ya akiba ya maji. Siku ya kuondoka, kabla hujawasha, angalia kama maji bado yako kwenye mstari huo.