Namna ya Kuzichuja Raha kwa Ajili ya Furaha ya Kudumu

Anayetafuta furaha ya kudumu hana sababu ya kuzikimbia raha. Kazi yake ni kuzichuja, na uchujaji huo huanza kwa kutenganisha hamu ya kitu na utamu wake. Mwaka 1954, watafiti wa ubongo James Olds na Peter Milner waligundua kwamba panya walioweza kujipitishia umeme katika sehemu fulani za ubongo walirudia kufanya hivyo bila kuchoka, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba walikuwa wamezama katika raha. Utafiti wa baadaye wa mwanasayansi wa ubongo Kent Berridge ulionyesha kwamba dopamini, kemikali ya ubongo, huchochea zaidi hamu kuliko utamu, ndiyo maana mtu huweza kukitamani mno kitu ambacho hakimfurahishi tena.

Jipime kwa jambo moja tu, tuseme simu unayoishika usiku ukiwa kitandani. Kidole kinapandisha picha moja baada ya nyingine, macho yanawasha, hujacheka hata mara moja, na bado mkono unakataa kuiweka chini. Jiulize hapo hapo kama unaionja raha au unaikimbiza, kisha rudia swali hilo asubuhi, kwa kuwa jibu la asubuhi ndilo lenye uzito, ingawa ndilo tunalolikwepa.

Baada ya hapo, zipange tamaa zako kama alivyofundisha Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, huko Athens: zipo za asili na za lazima, zipo za asili zisizo za lazima, na zipo zisizo na kikomo, kama vile kutaka sifa. (Wengi humdhania kuwa alikuwa mlafi, ilhali aliandika kwamba mkate na maji humpa mwenye njaa raha ya juu kabisa.) Za kundi la kwanza zitimize bila kujilaumu; za kundi la pili ziachie nafasi kati ya mara moja na nyingine, kwa sababu mazoea huzichujusha haraka; za kundi la tatu usizipe usukani.

Muda unaobaki uelekeze kwenye shughuli zinazodai ustadi, kwani Aristotle, mwanafalsafa mwingine wa Ugiriki ya kale, aliona kwamba raha hukamilisha tendo linalofanywa vizuri. Iwapo hakuna kinachokupendeza kwa wiki mbili au zaidi, hata vile ulivyovipenda, usijilazimishe kujiburudisha: hiyo huweza kuwa dalili ya sonona, na anayefaa kuonwa ni daktari.